Vuta Mafuta, Da Kanze!

Pikipiki ya mashindano ilishika katikati ya mchanga, saa tano za asubuhi, tena ilishika vibaya. Salman alikuwa mazoezini, ameivuta mpaka mwisho, inalia kwa ukali, mara gurudumu la nyuma likajifunga ghafla, naye akarushwa juu ya usukani akaanguka kifudifudi.

Kanze alikuwa nyuma yake kidogo, juu ya pikipiki yake ya kawaida, mkoba wa spana na dumu la maji vimefungwa kwenye keria. Aliusikia mlio ukikatika. Alijua. Jana yake, kwenye gereji yake huko Barani, alikuwa ameibana kabureta: katoa kile kijeti cha shaba kinachopitisha mafuta, katia kingine chenye tundu dogo, ili injini ipige kavu, mafuta machache na kasi zaidi, kwa mashindano ya Jumamosi. Salman hakuambiwa. Mjini, kwa mbio fupi fupi, ilikwenda kama risasi. Lakini huku kaskazini ya mto Sabaki, ukivuta kwenye mchanga mzito dakika nzima kwa mafuta haba, pistoni hupata moto, ikavimba, ikang'ang'ania ndani ya silinda. Fundi aliyefanya kazi miaka kumi na tano hafundishwi hilo. Ilikuwa tamaa ya kushinda, basi.

"Imekuwaje?" Salman aliuliza, akitema mchanga.

"Joto," akajibu Kanze. Uongo mtupu, wala hakupepesa jicho.

Nyati alitoka kichakani bila hata kukoroma. Dume, peke yake, waya wa mtego umemzama shingoni mpaka nyama imeoza na nzi wanamfuata. Mnyama aliyefikishwa hapo haogopi mtu tena.

"Salman! Kimbia!"

Akimbie wapi, na viatu vile vya mbio vizito kama vyuma? Pembe ilimwingia pajani, ikamwinua, ikamtupa. Kabla hajainuka nyati akamrudia na kumkanyaga goti, na Kanze akausikia mfupa ukilia. Salman alipiga yowe ambalo Kanze hakujua kama koo la binadamu linaweza kulitoa.

Kanze akaigandamiza honi, akaielekeza pikipiki yake kwa yule nyati, akaruka. Nyati akamwacha mtu akaifuata kelele. Lo! Aliifumua ile pikipiki! Aliitia pembe, akaiinua, akaibwaga, akaikanyaga mpaka tangi likapasuka na dumu la maji likatoboka. Kisha akaingia kichakani, pembe zimelowa petroli na damu.

Kanze alimkokota Salman hadi nyuma ya kichuguu. Damu ilikuwa inaruka. Akauchomoa mkoba kwenye mabaki ya pikipiki yake, akatoa tyubu ya akiba, akaikata, akalifunga paja juu ya jeraha, akaikaza kwa spana mpaka damu ikabaki kudondoka.

"Nipe maji, da Kanze."

Alikuwa ameliwahi dumu kabla halijaisha. Akamnywesha vifuniko viwili, yeye akalamba cha tatu.

"Simu?"

"Hakuna mtandao."

"Mji wa Marafa ni upande gani?"

"Mashariki. Kilomita ishirini na kitu. Jua likitupita utosini tunaliweka mgongoni."

"Mimi siendi popote na mguu huu."

"Utakwenda," Kanze alisema. "Nyamaza, usipoteze nguvu."

Pikipiki ya mbio ilikuwa bado nzima pale mchangani. Akaitambalia, akaivuta kwa pembe za usukani hadi kichuguuni. Injini ilipopoa akatia gea, akaisukuma mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka pistoni ikaachia. Akakaribia kulia. Sasa mafuta. Kile kijeti kikubwa kilikuwa mezani Barani, kimelala juu ya gazeti. Mulungu wangu! Akafungua kabureta, akaichomoa ile sindano nyembamba ndani yake, akaipandisha mpaka kituo cha mwisho. Hapo injini itashiba, ili mradi asivute zaidi ya nusu. Akipita nusu, kile kijeti kidogo ndicho kitakachotawala, na pistoni itashika tena.

Kisha springi ya nyuma. Ilikuwa imepimwa kwa kijana mmoja mwembamba. Wawili wakipanda, itakaa chini. Hakuwa na spana ya kazi ile, basi akaweka ncha ya bisibisi kwenye pete ya springi na kuipiga kwa jiwe. Ngaa! Ngaa! Mlio ukaenda mbali.

"Utamwita," Salman alinong'ona. "Wallahi utamwita."

"Nisipokaza, shimo la kwanza tu tumekaa, na mguu wako unasagwa na gurudumu."

Akapiga raundi tatu kamili, akaitia bisibisi mfukoni. Akaufunga mguu uliovunjika kwa vyuma viwili vya keria, akampandisha Salman nyuma yake, akajifunga naye kiunoni kwa mipira ya mizigo. Kijana alikuwa anauma kola ya shati lake ili asipige kelele. Injini ikawaka kwa teke la nne, ikatoa moshi mzito. Kanze alifurahi kuuona moshi ule: mafuta yalikuwa yanatosha.

Nyati naye alikuwa amekwisha kuitika.

Alitoka upande wa kulia, kichwa chini. Kanze akaachia klachi. Mchanga ukaruka, pikipiki ikayumba, ikashika njia. Nusu. Nusu tu. Kwato zilikuwa zinasikika wazi juu ya mlio wa injini.

"Vuta mafuta, da Kanze!"

"Haivutiki!"

"Vuta! Anatufikia!"

Pembe iligonga madigadi ya nyuma, plastiki ikapasuka. Salman akachomoa bisibisi mfukoni mwa Kanze, akageuka alivyoweza, akachoma nyuma kwa nguvu zake zote. Ilizama puani. Nyati akatoa mlio, akapungua kidogo, akaja tena na bisibisi ikining'inia.

"Vuta, nakwambia!"

"Nimeibana mwenyewe!" Kanze alipiga kelele, machozi na vumbi vimemjaa machoni. "Jana! Nimeipunguza mafuta bila kukwambia! Nikivuta itashika, tufe wote!"

Kanze aliisikia mikono ya Salman ikimshika mbavu, imemkaza.

Njia ikaishia kwenye ukingo wa korongo kavu. Chini kulikuwa na kimo cha watu wawili. Kanze aliuona, hakukanyaga breki. Wakaruka. Gurudumu la nyuma likapiga chini na springi ikalia, ikabonyea, ikasimama kabla chuma hakijagonga chuma. Salman alitoa yowe moja, akazirai, kichwa kikamwangukia Kanze begani. Nyuma yao nyati alikuja na kasi yake yote hewani, akatua kwa mguu wa mbele, na mguu ukavunjika kama kuni. Alibaki akijiburura mchangani, anawatazama, anakoroma damu. Kanze hakumwonea furaha. Alimwonea huruma, naye mwenyewe alishangaa.

Saa tisa kasoro aliingia Marafa mjini, mkono umekufa ganzi kwenye ile nusu, mgongo mzima umelowa damu isiyo yake. Wanawake waliokuwa kisimani ndio waliomfungua ile mipira, maana vidole vyake havikuachia.

Siku ya tatu, katika hospitali ya Malindi, Mwanatumu, mamake Salman, aliushika mkono wa Kanze akaubusu. "Mungu akulipe, mwanangu. Umenirudishia mtoto wangu hai." Shuka lilikuwa limelala tambarare pale mguu wa kushoto ulipokuwa. Kanze alitamani ardhi ipasuke.

"Shikamoo, mama," ndilo tu lililomtoka.

Mama alipokwenda kutafuta chai, Kanze akapiga magoti kando ya kitanda.

"Ungenambia," Salman alisema, macho darini. Sauti haikuwa na hasira, na hilo likamuumiza zaidi. "Mimi mwenyewe ningekwambia ibane zaidi. Unanijua. Nilitaka kushinda kuliko wewe."

"Salman..."

"Ningekwambia ibane zaidi, da Kanze." Akageuza uso ukutani. "Lakini ungenambia."