Penseli ya Daktari Khisa

Je, umewahi kuitwa jina lako darasani, ukainuka, ukakuta na mwenzako naye ameinuka? Basi Wachuka wa Bahati, karibu na mji wa Nakuru, aliyazoea hayo tangu chekechea. Katika Gredi ya Sita walikuwapo Wachuka Maina wawili, watoto wa ndugu wawili, wote wamepewa jina la nyanya yao. Nyumbani waliitwa kwa majina ya baba zao: huyu Wachuka wa Kamande, yule Wachuka wa Gachanja. Shuleni, Mwalimu Chepkemboi aliwatenganisha kwa namba. Wa Kamande alikuwa kumi na nane, wa Gachanja kumi na tisa.

"Mkisahau kuandika namba," mwalimu aliwaambia, "nami nitasahau nani ni nani."

Hadithi yetu ni ya Wachuka wa Kamande. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, alimpelekea nyanya yake, aliyemwita Cucu, kikombe cha chai ya maziwa na kiazi kitamu, kisha akamfunga kilemba. Na kila alipokifunga, aliliona kovu shingoni mwa Cucu, dogo kama punje ya mchele.

Kovu hilo lilikuwa na habari yake. Zamani kidogo, Wachuka akiwa bado mchanga, Cucu aliota uvimbe. Hospitalini wakatoa kipande kidogo, kikapelekwa maabara kwa Daktari Khisa. Huyo alikuwa mtaalamu wa patholojia, yaani daktari anayeweka kipande cha mwili, chembamba kuliko karatasi, juu ya kioo na kukitazama kwa hadubini ili aseme ugonjwa ni upi. Kioo kilionyesha saratani. Lakini Daktari Khisa hakutia sahihi. Alisoma jina kwenye kioo, akasoma fomu, akagundua kwamba wiki hiyo walikuja akina mama wawili, wote Wachuka Maina, mmoja wa Bahati na mwingine wa Gilgil, na vioo havikuwa na namba. Akawaita wote wawili wapimwe upya. Kumbe saratani ilikuwa ya mama wa Gilgil, tena ilikuwa bado changa, akatibiwa akapona. Uvimbe wa Cucu haukuwa na neno.

"Angetia sahihi siku ile," Cucu alikuwa akisema, "mimi ningepewa dawa kali za bure, na mwenzangu angezikwa."

Wachuka alitamani sana kuwa daktari wa namna hiyo. Lakini siku moja alipomtaja Daktari Khisa darasani, Kihara, mvulana wa dawati la nyuma, aliangua kicheko. "Huyo si daktari wa mochari? Wee Wachuka, utakuwa ukipigia maiti stori!" Darasa zima likacheka. Tangu hapo, akiulizwa anataka kuwa nani, alijibu, "Mwalimu," huku akitazama viatu vyake.

Daktari Khisa alipofariki, chuo cha udaktari alikofundisha kilianzisha Tuzo ya Daktari Khisa. Kila mwaka hupewa mwanafunzi wa udaktari aliye makini kuliko wenzake katika maabara, na zawadi yenyewe ni penseli ndani ya kisanduku cha mbao. Penseli, naam! Daktari Khisa hakukubali kioo kiandikwe kwa kalamu, kwa sababu wino huoshwa na dawa za maabara, ila penseli hubaki. Na kwa kuwa daktari alikuwa akija katika shule ya kina Wachuka kule Bahati kufundisha watoto sayansi siku za Jumamosi, kisanduku hicho hubebwa jukwaani na mwanafunzi wa shule ile aliyeongoza mtihani wa sayansi katika Gredi ya Sita.

Mwaka huu Wachuka alitaka kukibeba yeye. Alisoma hadi akakariri kitabu kizima.

Siku ya Ijumaa, Mwalimu Chepkemboi alisoma matokeo. "Wa kwanza ni Wachuka Maina, arobaini na saba kwa hamsini!" Darasa likapiga makofi. Mwalimu akamtazama yeye, kwa maana ndiye aliyezoea kuongoza. "Mwenzako naye ana arobaini na nne. Mpelekee karatasi yake, naona bado anaugua matumbwitumbwi."

Njiani Wachuka alizifungua karatasi zile. Ile ya arobaini na saba ilikuwa na herufi nene za mviringo, na mchoro wa hadubini uliotiwa kivuli kwa nukta. Huo haukuwa mwandiko wake. Yake ilikuwa ile ya arobaini na nne. Wote wawili walikuwa wamesahau kuandika namba.

Alikaa kando ya njia. Nani angejua? Mwenzake hakuwa ameiona karatasi yake. Akatoa penseli, akaandika kumi na nane juu ya karatasi ya mwenzake, na kumi na tisa juu ya yake.

Jumamosi asubuhi Cucu alikuwa ameanika gauni lake la kanisani, lile la maua ya zambarau, kwa sababu naye alialikwa kwenye sherehe. "Lete hiyo karatasi nione," akasema kwa furaha. "Macho yangu hayaoni vizuri. Nisomee. Kwanza jina, halafu namba, kama daktari alivyosoma yangu."

"Wachuka Maina," alianza Wachuka. "Namba..." Machozi yakadondoka kwenye karatasi.

"Cucu, hii si yangu."

Cucu hakumgombeza. Alimpangusa uso kwa pindo la leso. "Mwenye karatasi yuko nyumba ya pili. Nenda sasa hivi, kabla chai haijapoa."

Wachuka wa Gachanja alikuwa kitandani, mashavu yamevimba kama maandazi. Aliposikia yote akasema, "Kwa hivyo nimekushinda?"

"Umenishinda."

"Na ulitaka kuniibia?"

"Nilitaka. Nisamehe. Jumatatu nitamwambia mwalimu."

"Usipomwambia mwalimu hivyo, nitakuambukiza haya matumbwitumbwi!" Wakacheka wote wawili, mmoja akishika mashavu kwa maumivu.

Jumatatu Wachuka alimweleza mwalimu kila kitu, hata zile namba alizoziandika kwa penseli. Alisimama mbele ya darasa akarudia. Kihara akapiga mluzi, lakini safari hii hakuna aliyecheka.

Siku ya sherehe ukumbi wa chuo ulijaa pomoni, darasa zima la Gredi ya Sita likiwamo. Mshindi aliitwa Gedion Kiplangat wa Keringet, kijana aliyesimamisha majibu ya mgonjwa kwa sababu ya namba moja iliyokosewa, akarudi wodini mara tatu mpaka akaipata sahihi. Wachuka wa Gachanja, mashavu yamepona, alipanda jukwaani na kisanduku. Wachuka wa Kamande alipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Pembeni yake Cucu alipiga vigelegele mpaka kilemba kikafunguka.

Baadaye mjane wa daktari, Mama Khisa, aliwaita wasichana wote wawili mbele ya watu. Mwalimu alikuwa amemsimulia.

"Watoto wangu," alisema, "mume wangu hakuwa daktari bora kwa kuwa hakukosea. Alikosea kama sisi. Ila alipoliona kosa, hakulala nalo, hata kama kulisema kungemwaibisha. Kuongoza mtihani ni vizuri. Lakini mtu anayerudisha kilicho cha mwenziwe, huyo hata maisha ya watu unaweza kumkabidhi."

Kisha akamgeukia Wachuka wa Kamande. "Na wewe, mama, ukikua ungependa kuwa nani?"

Wachuka alimwona Kihara katika safu ya tatu. Aliliona kovu la Cucu. Hakutazama viatu vyake.

"Nataka kuwa daktari wa hadubini," alisema, na ukumbi mzima ukamsikia. "Kama Daktari Khisa."