Jina Alilolilia Mtoto

Rafiki yangu Asteria, wa Masumbwe, alikuwa amekata tamaa: mwanawe alikataa kunyonya, akilia mpaka sauti inakauka.

"Analilia jina," mama mkwe akasema. "Waite marehemu wa kwenu, mwanangu. Ambaye jina lake litamnyamazisha, ndiye anayetaka arithiwe."

Asteria hakuwajua. Mvua ikiwa imetia nyumba giza, akafungua barua za zamani za marehemu baba yake, akaita kila jina aliloliona. Kilio kikazidi. Ikabaki barua moja ya rambirambi, ya msiba wa Nkwabi, ndugu wa baba yake aliyefukiwa na duara, shimo la wachimba dhahabu, kule Nyarugusu, asipatikane.

"Nkwabi," akaita.

Mtoto akanyamaza papo hapo, akashika ziwa. Asteria akashusha pumzi. Ndipo akasikia kilio kinaendelea chini ya sakafu, kwa sauti ya mtu mzima.