Anakuja au Inakuja?

Sogeeni karibu. Hii ni habari ya Tusekile, na siku ile aliyoangalia juu.

Tusekile alikaa Kyela, kwenye mpunga mwingi na kakao nyingi. Alikuwa mdogo, lakini alikuwa na kazi yake.

Kazi yake ilikuwa kuamia ndege. Aliwafukuza ndege ili wasile mpunga wa Bibi.

Alipanda juu ya dungu. Dungu ni kibanda cha miti, kimesimama kwa miguu mirefu katikati ya shamba. Ukiwa juu yake, unaona mpaka nyumbani.

Bibi alikaa chini, kivulini, na debe lake bovu. Macho ya Bibi yalikuwa yamechoka. Vitu vya mbali hakuviona vizuri.

"Macho yangu ni wewe, mjukuu wangu," Bibi alisema.

Basi Tusekile akiona ndege, aliita, "Bibi, ndege!"

Bibi naye alipiga debe. Ko-ko-ko! Ko-ko-ko!

Ndege wote, puruuu, wakaenda zao.

Siku moja Tusekile aliita, "Bibi, ndege!" Bibi akapiga debe. Akapiga, akapiga, mpaka mkono ukamuuma.

Kumbe ilikuwa ndege ya abiria. Ilikuwa inapita zake huko juu kabisa, nguuuu.

Bibi alicheka akashika mbavu. "Mjukuu wangu, ndege ya abiria nayo inakula mpunga?"

Habari ya debe ikaenea. Kijiji kizima kilicheka.

Ndipo Bibi akamfundisha Tusekile. "Akiwa wa manyoya, sema ndege anakuja. Nitapiga debe. Ikiwa ya chuma, sema ndege inakuja. Nitapunga mkono."

Tangu hapo, Tusekile akiita ndege, Bibi aliuliza kwanza:

"Anakuja, au inakuja?"

Asubuhi moja upepo uliamka na hasira. Vuuu. Vuuu. Mpunga ulilala huku, ukalala kule. Dungu likalia, nyii, nyii.

Tusekile alishika mti wa dungu. Akaangalia upande wa nyumbani.

Juu ya paa lao aliona bluu. Bluu pana. Bluu laini. Ilipanda juu ya migomba, ikaja.

"Bibi, ndege!"

"Anakuja, au inakuja?" Bibi aliuliza.

Tusekile akakaza macho.

Alitafuta mabawa. Hayapo. Alisikiliza mngurumo. Haupo.

"Hapigi mabawa, Bibi. Haingurumi."

"Sasa nipige debe, au nipunge mkono?"

"Sijui, Bibi."

Ile bluu ikapita juu yao. Fwaa, fwaa, fwaa. Kivuli kikubwa kikatembea juu ya mpunga.

Bibi alikiona kivuli. Hakujua la kufanya. Akapiga debe kwa mkono mmoja, na mkono mwingine akapunga.

Lakini Tusekile aliona jambo jingine. Chini ya ile bluu kulikuwa na nguo inaning'inia. Ndogo. Nyekundu.

Ilikuwa fulana ya Lusajo.

Lusajo ni mdogo wake Tusekile. Bado hatembei. Bado hasemi. Anajua neno moja tu, nalo ni ba-ba-ba.

Tusekile akamkumbuka mwewe.

Juzi mwewe alishuka uani. Alichukua kifaranga, akaondoka nacho. Na mwewe ni mdogo. Hii ya leo ni kubwa, tena inatoka nyumbani.

Tusekile hakusema neno. Aliogopa kwamba akisema, itakuwa kweli.

Vuuu, upepo ukasukuma. Ile bluu ikaenda mpaka kwenye miti ya kijitoni. Ikapotea.

"Shuka," Bibi alisema. "Twende kwa balozi. Jambo kama hili lazima aambiwe."

Balozi huyu si yule wa mjini mwenye suti. Balozi huyu ni Mzee Mwasomola, kiongozi wa nyumba kumi za jirani. Alivaa kaptula, na alikuwa anageuza kakao yake kwenye mkeka.

Tusekile alipiga magoti. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona mnahema?"

"Nimeona ndege, babu. Ila si ndege."

Balozi aliacha kakao. Naye alikuwa amesikia habari ya debe, lakini leo hakucheka.

"Anakuja, au inakuja?" aliuliza.

"Hapigi mabawa, babu. Haingurumi."

Balozi akawaza. "Labda ni puto. Basi sema puto linakuja."

"Puto ni duara, babu. Hii ilikuwa inakunjika kunjika."

"Labda ni mwavuli. Basi sema mwavuli unakuja."

"Mwavuli una mpini, babu. Hii haikuwa na mpini."

Balozi akakuna kidevu. "Anakuja, hapana. Inakuja, hapana. Linakuja, hapana. Unakuja, hapana." Akakuna tena. "Haya. Mpaka tukijue, tukiite kitu. Kitu kinakuja."

"Kitu kinakuja," Tusekile alirudia.

"Kilitoka wapi?"

"Kwetu."

"Kilienda wapi?"

"Kijitoni."

"Kilibeba nini?"

Hapo Tusekile aliangalia vidole vyake vya miguu. Machozi yakamjaa.

"Kilibeba fulana ya Lusajo," alisema polepole. "Nadhani kimemchukua Lusajo."

Balozi alisimama. Debe likamponyoka Bibi mkononi, kwaa. Hakuna aliyeliokota.

Walikimbia. Balozi mbele, Tusekile katikati, Bibi nyuma na kanga yake mkononi. Hata mimi ninayesimulia, hapo sicheki.

Nyumbani mlango ulikuwa wazi.

"Mama," Tusekile aliita.

Akaingia ndani.

Jikoni hakuna mtu. Chumbani hakuna mtu. Mkeka wa Lusajo ulikuwa mtupu. Uani, kamba ya nguo ilikuwa tupu. Ilicheza na upepo peke yake.

Tusekile alimshika Bibi nguo. "Niliona fulana, Bibi. Niliona, nikanyamaza."

"Uliogopa," Bibi alisema. "Sasa umesema. Inatosha."

Balozi aliinama chini. Jana mvua ilinyesha, na uani palikuwa na matope.

"Nyayo," alisema. "Mama yako alipita hapa. Tena alikimbia."

"Na nyayo za Lusajo ziko wapi?"

"Lusajo hatembei, mjukuu wangu."

"Basi yeye yuko wapi?"

Balozi alimshika Tusekile mkono, wakafuata nyayo.

Chapa, chapa, chapa. Wakapita kwenye migomba.

Chapa, chapa, chapa. Wakapita kwenye kakao.

Chapa, chapa, chapa. Wakafika kijitoni.

"Ba-ba-ba."

Tusekile alisimama.

"Ba-ba-ba-ba."

Duniani kote, mtu anayesema hivyo ni mmoja.

Mama alikuwa amesimama chini ya mchikichi mrefu. Na mgongoni kwa Mama, ndani ya kanga, alikuwamo Lusajo. Hakuwa na fulana. Alikuwa ananyonya ngumi yake, hana habari.

Tusekile alikimbia, akaushika mguu wa Lusajo. Ulikuwa na joto. Ulikuwa mnene kama kawaida. Akaubusu, akalia, akacheka, vyote kwa pamoja.

"Mna nini nyie?" Mama aliuliza. "Mbona mmekuja mbio hivyo?"

"Nilidhani Lusajo amechukuliwa," Tusekile alisema.

"Achukuliwe na nani, na uzito wote huu?" Mama alisema. "Mgongo wangu wenyewe unalia. Kilichochukuliwa ni kile pale."

Mama akanyoosha kidole juu.

Juu ya mchikichi kulikuwa na bluu. Bluu pana. Bluu laini. Bluu yenye matundu madogo madogo. Na katika mkunjo wake, fulana nyekundu ilikuwa inapunga mkono.

"Chandarua chetu," Tusekile alisema.

Naam, kilikuwa chandarua. Mama alikuwa amekifua asubuhi. Akakianika kwenye kamba, pamoja na fulana ya Lusajo. Upepo ukaja, ukavitia vyote mfukoni. Mama akambeba Lusajo, akakikimbilia.

Bibi alikaa kwenye majani. Alicheka akafuta macho. "Mimi nimekipungia mkono chandarua."

"Na kukipigia debe," balozi alisema.

Lakini Mama hakucheka. Alikuwa bado anaangalia juu.

"Kisiposhuka, leo Lusajo atalala wapi?" alisema. "Juzi tu homa imemwachia. Muuguzi alituambia, mtoto asilale nje ya chandarua hata siku moja."

Wote wanawajua mbu wa Kyela. Jua likizama tu, nziiii, wameshafika.

Balozi akaenda kukata ufito mrefu. Akafunga kijiti mwishoni, kikawa ndoano. Akaunyoosha juu.

Lakini jua lilimpiga usoni. Hakuona kitu.

"Mimi naona, babu," Tusekile alisema.

"Basi niambie."

"Kulia, babu. Zaidi. Umepita. Rudi kidogo."

Ufito ukarudi kidogo.

"Juu, babu. Juu. Usiguse miiba, kitachanika."

Ufito ukapanda taratibu.

"Hapo. Vuta polepole."

Balozi alivuta. Chandarua kikanasa. Kikakataa. Krrr, kikachanika kidogo pembeni. Kisha kikaachia.

Fwaa, fwaa, fwaa.

Kilishuka taratibu kutoka juu. Kilishuka, kikashuka, kikamfunika balozi kuanzia kichwa mpaka kaptula.

Lusajo alitoa ngumi mdomoni. Akacheka kwa sauti. Na Mama akacheka naye, tena kuliko wote.

Balozi alisimama tuli ndani ya chandarua. "Tusekile," aliita kutoka mle ndani. "Anakuja, au inakuja?"

"Kinakuja, babu," Tusekile alisema. "Kimeshakuja."

"Kumbe ulisema sawa pale kwangu. Kitu kinakuja." Balozi akatoa kichwa nje. "Umeona vizuri, mjukuu wangu. Na umesema vizuri."

Tusekile alitazama chini, akatabasamu.

"Ndaga fijo, balozi," Bibi alisema. Alimshukuru kwa Kinyakyusa, kwa sababu shukrani hiyo ilitoka moyoni.

Balozi akarudi kwenye kakao yake. Hapo aliliokota debe la Bibi, akalirudisha shambani.

Jioni Bibi alishona pale palipochanika. Tusekile alimtungia uzi kwenye sindano, maana tundu la sindano ni dogo na macho ya Bibi yamechoka. Vidole vya Bibi havikuchoka. Vilishona vyenyewe.

Mama alifunga chandarua juu ya kitanda, pembe zote. Akachomeka chini ya godoro, huku na huku. Na kamba ya uani? Mama alisema kesho atanunua vibanio, tena vile vikali.

Lusajo alilala katikati. Alikuwa amevaa fulana yake nyekundu, imekauka vizuri. Ilisafiri zaidi siku hiyo kuliko mwenye fulana.

Tusekile alilala pembeni yake. Alitazama juu. Bluu pana. Bluu laini. Sasa haikumtisha hata kidogo.

Nje upepo ulikuwa umechoka. Mpunga ulikuwa umelala. Halafu, karibu na sikio la Tusekile, upande wa nje wa chandarua:

Nziiii.

Bibi aliita kutoka chumba cha pili. "Tusekile, kuna nini huko?"

"Mbu, Bibi."

"Anakuja, au inakuja?"

Tusekile alisikiliza. Alipapasa gizani, akaushika mguu wa Lusajo. Ulikuwa na joto.

"Anakuja, Bibi," alisema, na macho yakaanza kujifumba. "Lakini haingii."