Hukumu ya Mikaratusi

Kila asubuhi kabla ya shule nilishuka bondeni kuteka maji. Mwaka huo, 1989, mvua zilichelewa na chemchemi yetu hapa Nshamba ilitoa matone tu. Nilikinga kwa kikombe mpaka kengele ikalia, kisha nikachapwa kwa kuchelewa. Nilikuwa nimechoka, jamani!

Jirani yetu, Mzee Mutembei, alikuwa amepanda mikaratusi kuanzia kwenye chemchemi hadi kilimani, na miti ile hunywa maji vibaya sana. Bibi yangu, Immakulata, alimshtaki katika mahakama ya mwanzo, akashinda. Tulishangilia bure! Hukumu ya kukata miti yote ilisomwa haraka haraka, ikabandikwa ubaoni, na hakuna mti uliokatwa.

“Hakimu hajatia mguu hapa,” Mzee Mutembei alisema. “Ameamua shauri la shamba akiwa kwenye kiti!”

Majirani walimuunga mkono. Kwetu, shauri la shamba huamuliwa baada ya kutembea mipakani.

Nilipochapwa tena, uvumilivu ulinishinda. Nilikwenda moja kwa moja mahakamani.

“Waitu, mheshimiwa,” nilimwambia Hakimu Buberwa, “tumeshinda kesi, lakini maji hatuna. Watu wanasema hukujali hata kuja kuona.”

“We Kokuberwa, huna adabu?” alifoka karani, aliyenijua tangu siku ya kesi.

“Mwache,” alisema hakimu. “Anasema kweli. Nimekosea.”

Jumamosi alifika na wazee wa baraza. Alivua viatu, akaingia kwenye tope, akamwomba Mzee Mutembei aseme.

“Ukimwi umeniulia wanangu wawili,” mzee alisema kwa uchungu. “Nalea wajukuu watano kwa kuuza mbao za majeneza. Leo mnataka nikate miti yote?”

Nilikuwa namchukia mzee yule. Nikaona aibu.

“Si yote,” hakimu alijibu kwa Kihaya, akahesabu hatua thelathini kutoka kwenye chemchemi. “Ni iliyo ndani ya hapa tu. Ya kilimani ni yako. Wajukuu wako wanakunywa maji wapi?”

Mzee alitazama chini. “Hapa hapa.” Kisha akaagiza shoka.

Masika yalipokwisha, maji yalibubujika tena.

“Watu hawatii karatasi,” bibi aliniambia. “Wanatii wanachokielewa, wakishasikilizwa. Umefanya vizuri kumwambia mkubwa ukweli, mjukuu wangu. Ila siku nyingine, kabla ya kwenda mahakamani, niage kwanza!”