Kulabu ya Ncha Mbili

Nywele za Carmel zilianza kunuka masizi mabichi, na mama yake, Félicité, akailaumu shampuu. Msusi mwenye wateja kibao hana muda wa kuogopa harufu.

Siku chache kabla, Félicité alikuwa amenunua kulabu kwenye duka la vitu vya kale, mtaa wa Overport: mpini wa pembe, ncha mbili za chuma zilizopinda, moja nene, moja nyembamba. Muuzaji hakujua ilikuwa ya kazi gani. Félicité, aliyesuka nusu ya Wakongo wenzake wa mtaa wa Albert Park, alijua papo hapo: ni ya kuchomekea rasta, nene kwa nywele ngumu, nyembamba kwa nywele laini. Akaijaribu kwa bintiye, kichwa kizima, kwa ile nyembamba. Kujua sana nako!

Jumapili, kanisani, Carmel hakuimba. Alimgeukia mama yake, akauliza kwa sauti nzito, "Wewe ni nani?"

Félicité akazifumua rasta zote, lakini ndani ya kichwa kile mkwaruzo uliendelea, kwaru, kwaru, kama panya darini, na mtoto akaacha kula, akaacha kulala, akawa anakaa tu mbele ya kioo cha saluni akimchekea mtu ambaye mama yake, kila alipogeuka, hakumwona.

Akampeleka kwa Atuganile, Mtanzania anayeombea wenye majini. Atuganile aliichunguza kulabu, akaivua pete ya shaba mpinini. Chini yake zilisokotwa nywele za vichwa vingi, nyeusi, za mvi, nyingine laini za watoto.

"Mama Carmel," alinong'ona, "hii siyo ya kusukia. Ncha nene inamtoa jini kichwani. Nyembamba inamwingiza. Alikuwa anangoja kwenye hizi nywele, nawe ukamwingiza."

"Basi umutoe! Umutupe mbali!"

"Hatupiki. Akishaonja kichwa, harudi mpinini. Aliyeitengeneza hii hakutaka kumfukuza, alitaka kumhamisha tu."

Félicité akavua kilemba.

"Fikiria kwanza, Mama Carmel."

"Nifikirie nini? Mutoto yangu anakufa. Fanya mbio, mama, nakuomba."

Ncha nene ikapita kichwani kwa binti, nyembamba kwa mama. Harufu ya masizi ikajaa chumbani, kisha ikatulia.

"Maman," Carmel akasema, "mi niko na njaa."

Atuganile akalia kwa furaha. Félicité naye akatabasamu, akamtazama yule msichana kwa upole.

"Muzuri sana," akasema. "Huyu mutoto ni wa nani?"