Pumba Zinazopika Vitumbua

Digna anakaa Mlabani, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Vitumbua vyake hugombaniwa kabla havijapoa. Lakini masika yale mafuriko yalikata barabara, mkaa ukaadimika. Jiko likabaki baridi, wateja wakaanza kuhamia kwenye chapati za watu. Nje ya mlango wake, kilima cha pumba za mpunga kiliungua pole pole kikimkohoza bure.

"Unalilia moto, na moto umekulalia mlangoni," alisema jirani yake, Mwanaheri.

"Pumba? Nimeshazitia jikoni, dada. Zilinitoa machozi kuliko msiba wa mama mkwe."

Mwanaheri alicheka. Kazi hii alijifunza kwenye kikundi cha akina mama. "Zikiwa mbichi ni moshi tu. Zichome kwenye pipa, nje, mbali na nyumba, hewa iingie kidogo. Zikiwa nyeusi tii, zizime kwa maji. Changanya na uji wa muhogo, finyanga madonge, anika. Huo ndio mkaa."

Mume wa Digna, Theodori, akajitolea kulinda pipa.

"Utaweza, baba Beno?"

"Nimechoma mkaa wa miti tangu ujana. Pumba ndizo zinishinde?"

Akapita rafiki anayejua pombe ya komoni imeiva wapi. Theodori akaenda kuonja kikombe kimoja tu. Kikombe kile kilikuwa kirefu. Aliporudi, pumba zilikuwa nyeupe kama mvi zake.

"Majivu," Digna alisema.

"Haya hayawaki tena," alisema Mwanaheri, "lakini hayatupwi. Nyunyiza kidogo kwenye tuta la mchicha. Tuanze upya."

"Pipa nalinda mimi," alisema Digna. "Wewe, shujaa wa mkaa, utafinyanga."

Theodori alifinyanga hadi viwiko vikawa vyeusi. Wapita njia walimwuliza kama amebadili kabila.

Jua lilitoka, madonge yakakauka. Digna akawasha jiko. Likashika, bila moshi wa kuliza mtu. Vitumbua vikaumuka, foleni ikarudi. Digna akapiga hesabu: kutoka hapa hadi Mngeta mashine ni nyingi, na kila mashine ina kilima chake.

Seifu, mwenye mashine, alikuja na sahani.

"Mkaa umeupata wapi siku hizi?"

"Kwako."

Seifu aliangalia jiko, akaangalia kilima, akatafuna kitumbua hadi mwisho. Kisha akawageukia vijana wake.

"Zimeni moto ule. Mnaunguza vitumbua vya kesho."