Namba Tisa Kichwani mwa Semeni

Kila alasiri, akishaosha vyombo na kujaza ndoo za maji, Semeni alitandika mkeka barazani kwa bibi yake, Mwanakheri, na kusubiri wateja. Hakuuza kitu. Wateja wake walikuwa kina mama wa kitongoji chao huko Nambilanje, na kila mmoja alikuja na simu yake ndogo, kiswaswadu, imefungwa kwenye pindo la khanga.

"Semeni mwanangu, hebu nitazamie. Hela ya ufuta imeingia?"

Tangu chama cha msingi cha ushirika kianze kuwalipa wakulima kwa simu, Semeni wa darasa la sita alikuwa mtu mkubwa. Alisoma ujumbe, alitazama salio, alituma hela kwa watoto wanaosoma Ruangwa mjini. Kina mama walisema wao hawakusoma, basi wakampa na namba zao za siri. Alizitunza zote tisa kichwani, na alijivunia namba hizo kuliko jedwali la kuzidisha.

"Huyu ndiye benki yetu," Bibi Mwanakheri aliwaambia wenzake. "Ila benki hii inakula ugali mwingi."

Jumatano moja Mama Yasini, jirani yao, alipita na beseni la mahindi kichwani akienda kusaga. Alimwachia Semeni simu yake amtazamie salio. Ndani yake mlikuwa na shilingi laki nne na elfu kumi, malipo ya ufuta wake wote wa mwaka ule. Hela hiyo ilikuwa ya mabati. Mvua zilizopita, nyasi za paa lake zilioza, naye na wanawe walikesha wakikinga maji kwa sufuria.

Mara simu ikaita.

"Naongea na mwenye simu?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, tena yenye adabu.

"Mwenyewe Mama Yasini hayupo. Mimi ndiye ninayemshughulikia mambo yake ya simu," Semeni alijibu kwa maringo.

"Vizuri sana. Napiga kutoka ghalani kwa chama. Malipo ya pili ya ufuta yametoka, lakini yake yamekwama. Wewe unaonekana umesoma. Tuyafungue sasa hivi?"

Malipo ya pili ni ile nyongeza ambayo wakulima huisubiri mazao yakiuzwa vizuri. Kuna miaka inakuja, kuna miaka haiji, na hakuna mkulima asiyesimama akiisikia ikitajwa. Tena mtu huyu alikuwa amemsifu. Alipoulizwa salio, Semeni akalitaja, kisha akabonyeza kila alichoambiwa. "Weka namba ya ghala." Akaiweka. "Sasa namba ya fomu. Nne, halafu sifuri tano." Akaiweka. "Malizia na namba ya siri, upesi, mtandao usije ukakatika." Akamalizia bila kusoma kilichoandikwa kwenye kioo.

Mtu yule akakata simu. Ujumbe ukaingia: *Umetuma shilingi 400,000.*

Semeni aliusoma mara tatu. Hakuna aliyemwona. Mama Yasini hakujua kusoma, na ujumbe ungeweza kufutwa. Siku ya kutoa hela, watu wangelaumu mtandao, maana mtandao umezoea kulaumiwa. Kidole chake kilishafika kwenye kitufe cha kufuta. Hapo akamkumbuka Yasini mdogo, aliyekohoa mwezi mzima kwa sababu ya paa lile bovu. Akaona aibu hata kabla hajafanya lolote. Akainuka, akakimbia.

Mashine ya kusaga ilikuwa ikinguruma, na foleni ya kina mama ilikuwa ndefu.

"Mama Yasini, nimekosa."

Mama Yasini aliweka kiganja sikioni. "Unasemaje? Sema kwa nguvu, mwanangu, sisikii."

Semeni akavuta pumzi, akapaza sauti yake yote, na papo hapo mwenye mashine akazima injini.

"Nimetuma hela yako ya mabati kwa tapeli."

Foleni nzima ilisikia. Semeni alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama Yasini hakumpiga wala hakumtukana. Aliacha unga wake, akamshika mkono, wakakimbia hadi kibanda cha Lukman, wakala wa fedha za simu. Foleni nayo ikafuata nyuma, na Bibi Mwanakheri, aliyesikia kelele kutoka nyumbani, akaungana nao akihema.

"Muda gani umepita?" Lukman aliuliza.

"Kama robo saa."

"Ujumbe upo?"

"Upo. Sikuufuta."

Lukman alipiga simu huduma kwa wateja, akawasomea kumbukumbu ya muamala na namba ya yule mtu. Kisha ikawa ni "ndiyo, dada" na "nasubiri, dada" mpaka Mama Yasini akaketi chini. Mwishowe Lukman akashusha simu.

"Wameizuia. Tapeli alikuwa hajaitoa. Wakishahakiki, watairudisha. Binti huyu angenyamaza hadi jioni, tungekuwa kwenye msiba wa mabati."

Mama Yasini alimkumbatia Semeni, na wote wawili wakalia.

Jumamosi hela ikarudi yote, na vigelegele vikasikika hadi ng'ambo ya pili ya kijiji. Lakini Lukman alikuwa na neno.

"Binti, namba ya siri ya Mama Yasini uliijuaje?"

"Ninazo za kina mama tisa," Semeni alisema, safari hii bila maringo.

"Sisi hatukusoma," kina mama wakamtetea.

Semeni akawaza kidogo. "Bibi, wiki ile ghalani karani aliandika kilo sitini na moja. Nani alimwambia ni sitini na tatu?"

"Mimi. Mizani nilikuwa naiona."

"Kwa hiyo namba unazijua."

Kina mama wakatazamana, wakaanza kucheka. Miaka yote walikuwa wakiisoma mizani ili wasipunjwe hata kilo moja, huku wakisema hawajui kitu. Mchana ule Semeni aliwaonyesha kwamba namba za kwenye simu ni zile zile za kwenye mizani. Mmoja baada ya mwingine wakabadilisha namba zao za siri kwa vidole vyao wenyewe. Zile tisa za kichwani mwake hazikuwa na kazi tena, na Semeni alijisikia kama aliyetuliwa mzigo.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema, "kosa ni la kila mtu, sisi pia tumekosa. Lakini wewe ulisema lako mbele za watu, tena mapema, ndiyo maana tumepona. Anayeficha kosa anamsaidia mwizi. Na siri ya hela haina mjukuu, haina jirani."

"Nimekuelewa, Bibi. Sasa lete simu nikutazamie salio," Semeni alimtania.

Bibi Mwanakheri aliifunika simu kwa khanga, kidole kikiwa tayari.

"Nitatazama mwenyewe," alisema. "Wewe geuka huko."

Semeni akageuka, akiwa na furaha tele.